Kilichoota Nyuma ya Jiko

Jumapili, 14 Mei 2023

Mvua tangu alfajiri. Mashuka matatu, halijakauka hata moja. Kuni mbichi, jiko zima moshi.

Mama katoroka tena — si mbali, alhamdulillahi. Nimemkuta nyuma ya jiko kachutama kwenye tope, anachimba na kijiko changu cha pilau. Mkwe wangu huyu hajui leo Jumatatu au Ijumaa. Hajui kama Yussuf wake, mume wangu, kafa mwaka wa tatu huu. Lakini kijiko kizuri anajua kilipo! Nikamuuliza, Mama, unafanya nini? Kasema, "Icho cha Ruweida." Kafukia, kaupigapiga udongo kwa kiganja mara tatu, kama anayemlaza mtoto. Cha Ruweida, yaani mimi! Cha Ruweida katika nyumba hii ni kufua tu.

Nimemgombeza. Nimemwogesha kwa maji ya moto, kalia, nami nikalia.

Jirani Ummkulthum alimletea popoo nne za kutafunia tambuu kutoka Kengeja kwa dada yake, nzima na maganda yake. Jioni nimetazama kwenye mkoba wake wa tambuu — tatu. Meno hana, siku moja zitamsakama. Nimezificha juu ya kabati.

Alasiri alilala. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamtazama. Mungu nisamehe — nilimwomba asimwamshe tena. Nimeandika, basi. Humu hasomi mtu.

Jumanne, 16 Mei 2023

Mashuka bado mabichi. Nimefundisha Fomu Tuu namna mimea inavyojitengenezea chakula, huku nasinzia kwa kusimama. Mtoto mmoja wa kike kauliza, ticha, mimea nayo huchoka? Nimemwambia akae.

Alkhamisi, 17 Agosti 2023

Nimerudi skuli saa nane, jua kali, nikasema nipapalie nyuma ya jiko kabla nyasi hazijatuletea nyoka. Kuna kimche kimetoka, kijani, kimenyooka kama sindano ya kushonea magunia. Nimekishika nikivute — ukelele! Mama kaja na mkongojo, kanga imebaki njiani.

"Usiking'oe icho! Kiache!"

Sijamsikia akitoa maneno mawili ya maana tangu Ramadhani. Nimekiacha. Si kwa kukipenda, kwa kutaka amani. Sasa kila magharibi anataka kimwagiwe maji yanayobaki kwenye birika la udhu, na hatulii mpaka amwagiwe mgonjwa wake. Haya. Mwengine wa kumtunza. Kwani mie nina wangapi?

Jumapili, 8 Oktoba 2023

Kimefungua jani. Moja tu, pana kuliko nilivyodhani, ncha yake imepasuka mara mbili kama mkia wa mbayuwayu. Kwa hivyo si nyasi. Jamii ya minazi, hilo naliona. Lakini ni nani katika ukoo huo?

Ummkulthum kaja kuazima kinu, katazama, kasema mkindu huo, ukikua atakuja kukata ukindu asukie mikeka. Nimemwambia mkindu una miba, hiki laini. Kacheka. Eti mtu wa Kojani anajua samaki, miti ataijulia wapi! Kweli, kwetu Kojani nyumba zimebanana mpaka mtu akipiga chafya jirani anamwombea dua. Mti tuliuona tukivuka kuja huku. Lakini "mwalimu wa bayolojia" kalisema mara mbili, na mara ya pili hakuwa anacheka sana.

Kaniuma. Nimechukua rula ya skuli nikapima. Jani, sentimita kumi na nane. Sijui nitaifanyia nini hiyo namba.

Jumamosi, 2 Desemba 2023

Majani mawili. Yote yana mkia wa mbayuwayu.

Mwalimu Gaudens kaleta karatasi za mtihani nisahihishe sehemu yangu. Mtu wa Kigoma, anafundisha kilimo, Mpemba wa kuhamia kwa mwaka wa sita. Kachuchumaa akakitazama, uso umembadilika. Kasema ni mchikichi, Madam, kwetu imejaa, babu yake alikuwa akikamua mawese mpaka mikono ikawa rangi moja na mafuta. Nikamuuliza jani la kwanza la mchikichi linapasuka ncha? Kasema labda wa huku unapasuka. Nimemhurumia. Kila mtu anaona mti wa kwao.

Picha nimempelekea Yumna wangu, yuko chuo Unguja. Kaipitisha kwenye programu ya simu inayotambua mimea. Jibu: mti wa mapambo wa mahotelini, asili yake Madagaska. Kaniandikia, "Mama, hongera, umefungua hoteli." Nimecheka peke yangu jikoni hata uji ukafurika.

Jumatano, 24 Januari 2024

Shemegi Abrahman kaja kutoka Madungu. Kaleta pampasi za mama yake, sabuni, na machungwa tele. Si mtu mbaya, lazima niandike hivyo. Kila anapokuja humbusu mama yake mkono, na Mama humwita Yussuf, naye huitika.

Kazunguka nyuma. Karudi na uso mwengine. Kauliza nani kapanda mti ule. Nikasema simjui aliyepanda, sijui hata ni mti gani. Kasema, kwa upole, "Sina ubaya, shemegi. Ila mti ni mti."

Najua anachosema. Huku ukimwazima mtu ardhi unamwambia panda muhogo, panda viazi, lakini mti wa kudumu usipande. Ukishapanda mnazi au mkarafuu kwenye ardhi ya mwenzio, ardhi yake, mti wako, na mwenye mti hafukuzwi hivi hivi. Mti ukijiotea wenyewe, huo wa mwenye ardhi. Hilo hata watoto wanalijua.

Na ardhi hii ya Mama, nyumba ya Mama. Yussuf kafa kabla yake, kwa hivyo hakurithi kitu, na kilicho chake Yussuf kilikuwa baiskeli na vitabu. Siku Mama atakapoondoka, vyote vya Abrahman. Ndivyo mafungu ya mirathi yalivyo, sina ugomvi na mafungu. Yumna na mimi tutakuwa wageni. Miaka ishirini na mbili nafagia uwanja huu.

Akaniuliza tena mlangoni: mnazi? Nikamwambia si mnazi, mnazi ungeona nazi yake. Katulia kidogo.

Ijumaa, 22 Machi 2024

Funga ya kumi na moja. Mama anakula mchana mbele yangu, ananisukumia sahani, ananiuliza nimekasirikiwa na nani hata sili.

Jani la tatu. Alasiri tumekaa sote wawili kwenye kigoda na ndoo iliyopinduliwa, tunakitazama. Nimekizungushia vijiti na kipande cha wavu wa kaka yangu wa Kojani, kuku wa Ummkulthum wasikichakure. Sijui kwa nini najisumbua. Labda kwa kuwa katika nyumba hii ndicho peke yake kinachokunywa maji bila kunitemea.

Alkhamisi, 11 Aprili 2024

Sikukuu ya pili. Abrahman kaja na mkewe na maandazi. Baada ya chai kanitoa nje, kanionesha kwa mkono: hapa nyuma ya jiko, upande wa barabara, anataka kujenga fremu za maduka. Tano. Mtambile inakua, kila mtu anafungua duka. Si sasa, kasema. Mama akiwa hai hamgusi mtu. Msingi tu ndio anataka kuuweka mapema.

Nikamuuliza, na Mama akishaondoka? Kaangalia viatu vyake.

"Si una kwenu Kojani, shemegi?"

Kwetu Kojani. Vyumba viwili, kaka yangu, mke wake, watoto tisa. Skuli ninayofundisha iko huku. Nikasema inshaallah. Neno hilo limenibebea mengi maishani.

Baada ya kuondoka nimekwenda kukimwagilia maji. Sikuwa na sababu, mvua ilikuwa imenyesha.

Jumamosi, 1 Juni 2024

Nimejua! Nimejua, nimejua!

Tumewapeleka Fomu Tuu msitu wa Ngezi, mimi na Gaudens. Ummkulthum kakaa na Mama, Mungu amlipe. Nilikwenda kwa kulazimishwa, nikalala njia nzima kichwa kwenye kioo. Tukaingia msituni, kiza, unyevu, watoto wamenyamaza wenyewe. Mlinzi wa msitu mbele anaonesha miti. Nikatazama chini — kimche changu! Si kimoja, vimejaa, kila kimoja na mkia wake wa mbayuwayu. Nilipiga kelele mbele ya wanafunzi.

Mlinzi kasema mpapindi. Kanionesha mama yao, mrefu, shina lina pete pete. Mbegu yake ndogo kama punje ya njugu, ndege na popo ndio wanaoisambaza. Unaota pahala pengi huku, hata uwanjani pa mtu, pasipo mtu kujua.

Basi ndiyo hivyo. Popo kapita, kaangusha. Nilikaa kwenye mzizi nikacheka mpaka machozi. Mwaka mzima nashindwa na kinyesi cha popo. Gaudens kasema, Madam, sijakuona ukicheka hivi tangu marehemu afariki. Kweli. Nimerudi nimechoka uchovu mzuri, ule wa mtu aliyefanya kitu.

Nimemwambia Mama, mti wako mpapindi. Kanitazama kama nimemtukana.

Jumatatu, 15 Julai 2024

Abrahman kaja na Sheha wetu, Mzee Khatib, na karatasi ya kuombea ruhusa ya msingi. Kiwanja kinachorwa, na miti iliyopandwa inaandikwa, na kila mmoja ni wa nani. Minazi miwili, ya Bi Moza, mwenyewe Mama. Mfenesi, wa Bi Moza. Sheha kaelekeza kalamu kwenye wavu wangu. Na hiki je, Mwalimu?

Nikasema kwa sauti ile ya darasani, Mola wangu, bado naisikia: mpapindi, mti wa msituni, umejiotea, hakupanda mtu. Nikaongeza na jina lake la kisayansi, nililitafuta kwa simu. Sheha kaomba nimtajie herufi moja moja. Abrahman kapumua. Kasema basi msingi ukifika hapo tutaung'oa, si neno? Nikasema si neno.

Nimetia saini. Mwandiko mzuri, wa mwalimu.

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko kwenye kiti chake. Kaanza kugonga mkongojo chini, ko, ko, ko, haachi. Sheha kauliza kama ana kiu. Nikadhani anataka choo. Nimempeleka. Hakuwa anataka choo. Kanipiga kofi la mkono, dogo, la mtu asiye na nguvu. Nikamgombeza tena.

Jumapili, 15 Septemba 2024

Siku tisa hospitali Chake. Kiharusi. Upande wa kulia umekufa. Tumerudi leo.

Neno moja tu limembakia: bado. Umekula, Mama? Bado. Umeshiba? Bado. Inauma? Bado. Abrahman kamwinamia kamwambia, mama, mimi Abrahman. Bado. Katoka nje kulia, nikamwachia uwanja.

Mgongo wangu. Nimelala sakafuni siku tisa. Kimche nimekikuta na jani la sita, na chini vumbi tupu.

Jumamosi, 28 Septemba 2024

Kumgeuza kila saa mbili. Uji kwa kijiko. Kazi za wanafunzi nimezisahihisha nikiwa nimesimama, nikikaa nalala.

Mungu nisamehe tena. Sirudii kuandika, lishaandikwa.

Jumatano, 16 Oktoba 2024

Mvua za vuli zimeanza, kubwa, jana na leo. Niandike taratibu.

Wavu umeoza upande mmoja. Nimetoka alasiri nikamkuta kuku wa Ummkulthum ndani, anachakura. Nimemfukuza. Udongo pale chini umechukuliwa na mvua, na uliobaki kautawanya yeye. Shina liko wazi mpaka kwenye mzizi.

Chini ya shina kuna ganda.

Limegeuka jeusi, nyuzi nyuzi kama kumbi la nazi, ila dogo, la kuenea kiganjani. Mche umetokea ndani yake. Nimelishika. Mbegu ya mpapindi kama punje ya njugu — kasema mlinzi, na mie niliandika! Hii kama yai dogo la kuku. Nimewahi kuliona ganda hili mara elfu, kwenye mkoba wa tambuu wa Mama.

Popoo. Mpopoo! Huku kila mtu anaitafuna popoo, nani anayepanda? Inakuja sokoni, tunaijua ikiwa mkobani. Mche wake nani kauona? Na popo hawezi kubeba popoo nzima na ganda lake akaifukia chini kiasi cha urefu wa kijiko.

Kijiko.

Nimeingia ndani mikono ina tope nikafungua daftari hili. Sikuwa na haja ya kutafuta sana. Ukurasa wa kwanza. 14 Mei. Kijiko cha pilau. Popoo nne, zikabaki tatu. "Icho cha Ruweida."

Mama. Mtu asiyejua leo ni lini alilijua hili. Alijua mwanawe kafa, alijua mafungu, alijua nitakapobaki sina pa kusimama. Nyumba hakuweza kunipa, na kama angesema nani angemsikiliza, bibi aliyepotewa na akili? Akachukua popoo yake akanipandia. Wala si nyumba, si kiwanja — mti mmoja. Lakini mwenye mti haulizwi umefuata nini hapa. Hata Abrahman hawezi kuujengea juu bila kukaa chini na mimi kwanza tukasema.

Na mimi niliyepewa nimetia saini kwamba haukupandwa. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningempiga mstari mwekundu: umetazama majani, mzizi hukutazama!

Nimelifukia ganda tena, nikaupigapiga udongo. Mara tatu.

Alkhamisi, 17 Oktoba 2024

Nimempigia Abrahman simu wakati wa mapumziko, nimesimama nyuma ya choo cha walimu. Nikamweleza yote, ganda, popoo, mama yake.

Kasema, shemegi, Julai ulisema mbele ya Sheha haukupandwa. Msingi unaanza Jumamosi, fundi keshapatikana. Leo ni mpopoo. Nikasema nilikosea. Kasema huenda, lakini kesho na mimi nitakosea, na keshokutwa Sheha. Hakunipandishia sauti. Angenipandishia ningejua la kumjibu.

"Nani alimwona akiupanda?"

Nikasema, mimi.

"Wewe ndiye unayeupata, shemegi."

Kweli. Ummkulthum nimemuuliza, anakumbuka kuleta popoo, kupandwa hakuona. Mama tumemsogeza dirishani, nimemwonesha mti. Mama, wewe ndiye uliyepanda? Bado.

Gaudens kauliza mbona macho yamevimba. Nimesema moshi.

Jumamosi, 19 Oktoba 2024

Asubuhi wamekuja. Abrahman, Sheha Khatib, fundi na kamba na vigingi vya mbao. Kamba imepita juu ya mti, jani refu linaigusa. Fundi kaweka jembe begani akangoja.

Nimetoka na baibui juu ya nguo ya kufulia. Nimemwambia Sheha mti huu ulipandwa, na aliyepanda ni mwenye ardhi, na kanipandia mimi. Nimewafukulia, wameliona ganda. Sheha kalishika, kanusa, kasema popoo hii haina shaka. Abrahman kasema ganda halisemi nani kafukia wala kafukia kwa ajili ya nani, na kweli halisemi. Sheha kanitazama kwa huruma, na huruma ndiyo iliyonitoa maneno.

"Kimeandikwa," nikasema. "Siku ile ile. Na tarehe."

"Kaandika nani?"

"Mimi. Ninalo daftari."

Sheha kasema alhamdulillahi, maandishi ya siku yenyewe si maneno ya leo, lete tusome. Fundi kashusha jembe. Wameingia ukumbini, nimewatilia chai, nimesema nalichukua.

Nimo chumbani kwa Mama. Mlango nimeurudisha. Kaunta buku lipo mapajani. Nimelifungua ukurasa ule na ndipo nilipokaa chini.

Ukurasa ni mmoja. Juu kijiko, katikati popoo, na chini kabisa, kwa mwandiko ule ule mzuri, nilivyokaa kitandani kwake na nilivyomwomba Mungu. Sheha ana desturi ya kusoma kwa sauti. Atasoma mpaka mwisho, ndivyo anavyosoma. Abrahman atakuwa hapo, mtu anayembusu mama yake mkono. Na fundi. Kesho Mtambile nzima — yule mwalimu mkwe wa Bi Moza, yule mnayemsifu kwa subira.

Nimefikiria kuchana nusu. Watauliza nusu ya pili iko wapi. Nimefikiria kulipiga wino lile la mwisho. Watainua kwenye jua, na wasipoinua watasema kafuta nini? Nimefikiria kunakili upya kwenye karatasi safi. Hiyo itakuwa ya leo. Na Yumna? Yumna naye atasikia.

Au nitoke niseme limepotea. Fundi atavuta kwa mkono mmoja tu, bado mdogo ule. Baadaye nitafunga virago taratibu, na hakuna atakayejua mimi ni mtu wa namna gani.

Mama alikuwa macho. Mkono wa kushoto juu ya shuka, unakunja na kukunjua. Nikaona yeye kwanza. Haifai wasomewe watu wa nje kabla yake.

Nimemsomea. Wote. Mvua, mashuka, tope. Kijiko — upande mmoja wa mdomo ukapanda, naapa. Cha Ruweida ni kufua tu, nimelisoma na hilo. Popoo tatu. Kisha nikafika chini, nikaruka neno, nikarudia tangu mwanzo wa mstari. Nilimwomba asimwamshe tena.

Kanitazama na jicho lile zima.

"Bado," kasema.

Kisha mkono wake ukatoka kwenye shuka ukaja mpaka kwenye daftari, ukalipigapiga. Sikuhesabu mara ngapi.

Abrahman anaita kutoka ukumbini, shemegi, chai inapoa. Fundi nje anagongagonga jembe kutoa udongo. Naandika haraka, wino unaisha. Baibui nimelivaa vizuri. Kidole nimekitia kwenye ukurasa wa kwanza usinipotee, na mkono wa pili, nikishaweka kalamu, utashika kitasa cha mlango.